Bendera ya Manjano: Karantini Ilivyotoka Baharini Ikafika Kwetu

Leo nakuomba tuende pamoja mpaka baharini. Najua utanicheka. Utasema, sisi watu wa Tongaren na meli wapi na wapi? Maji makubwa tunayoyajua ni ya mto Nzoia, na anayetaka kuiona bahari sharti apande basi Kitale jioni, alale kitini, na kesho yake bado yuko njiani. Hata hivyo liko neno moja la mabaharia ambalo unalitumia wewe mwenyewe, tena bila kufundishwa na mtu. Neno lenyewe ni karantini.

Mara ngapi umeamka ukasikia kwamba daktari wa mifugo ameweka karantini? Ugonjwa wa miguu na midomo umeingia, soko la ng'ombe limefungwa, hakuna kuswaga mnyama kutoka Naitiri kwenda Ndalu wala kumpakia kwenye lori. Mwenye karo ya kulipa anakuna kichwa. Na sote tunamjua yule jirani ambaye usiku wa manane anamtoa fahali wake kwa njia za panya, akamuuze upande wa pili kabla vidonda havijaonekana ulimini. Simtaji jina. Nakuomba umweke akilini tu, kwa sababu katika habari za leo tutakutana naye tena, safari hii akiwa ni mtu wa melini.

Tuanze na ng'ombe basi, maana hata wao walifikiwa na bahari. Mwaka 1887 jeshi la Italia lilikuwa limepiga kambi Massawa, bandari ya Eritrea kwenye Bahari ya Shamu. Jeshi linahitaji nyama, kwa hiyo likaletewa ng'ombe kwa meli, na inaaminika walitoka upande wa India. Ndani ya kundi hilo mlikuwa na sotoka. Laiti ng'ombe wale wangezuiliwa gatini siku kumi na tano tu, ugonjwa ungejionyesha wenyewe. Badala yake ukashuka ukatembea. Ethiopia ilipoteza ng'ombe wanane au tisa katika kila kumi, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi mno. Kufikia 1891 sotoka ilikuwa imekwisha kupita katika nchi ya Wamaasai, boma baada ya boma, na ndui ikaja nyuma yake kuwamalizia watu waliokuwa wamedhoofika. Mwaka 1896 ikavuka mto Zambezi, na 1897 ilikuwa Cape, mwisho wa bara. Kuiondoa duniani kulichukua zaidi ya miaka 100. Chanjo iliyofanya kazi kubwa ilitengenezwa hapa kwetu Kenya, Muguga, na wanyama wa mwisho kuthibitishwa kuwa nayo walikuwa nyati wa Hifadhi ya Meru mwaka 2001. Kisha 2011 ikatangazwa rasmi kwamba sotoka imekwisha.

Meli haikufika Tongaren, lakini unaona mzigo wake ulivyotembea.

Wenye bandari za Ulaya walikuwa wamelijua jambo hili zamani, kwa uchungu. Tauni ilipowafagia watu katika karne ya 14, mji wa Ragusa, ambao siku hizi huitwa Dubrovnik, ulitunga sheria mwaka 1377 kwamba atokaye mahali penye tauni akae kwanza nje ya mji siku 30. Baadaye siku zikaongezwa kuwa 40, na arobaini kwa lugha ya watu wa Venice ndiyo iliyozaa neno karantini. Kwa nini arobaini? Si kwamba mtu alipima. Wakati ule hapakuwa na aliyejua kijidudu wala kiroboto. Arobaini ilikuwa hesabu ya dini, kama siku za gharika ya Nuhu, na hata ndugu zetu wa pwani wana arobaini ya mzazi na arobaini ya msiba.

Sasa fikiria wewe ndiwe nahodha. Umetoka mbali, una watu 60 na shehena ya mfanyabiashara mkubwa. Njiani baharia mmoja ameshikwa na homa, akatokwa na uvimbe kinenani, akafa, mkamtupa baharini. Mbele yako ni bandari. Ukisema kweli, utaambiwa uende kisiwani ukakae siku 40, maji yakiisha, mali ikioza, mabaharia wakinung'unika. Ukinyamaza, leo jioni unakula chakula cha moto mjini. Je, ungefanyaje? Usinijibu haraka.

Mwezi Mei 1720 meli iliyoitwa Grand-Saint-Antoine ilifika Marseille, Ufaransa, ikitoka pwani ya Shamu na shehena ya hariri na pamba. Watu kadhaa walikuwa wamekufa njiani, tabibu wa meli akiwa mmoja wao. Nahodha Chataud hakuvificha vifo hivyo. Lakini sehemu ya shehena ilikuwa mali ya wakubwa wa mji, na maonyesho makubwa ya biashara ya Beaucaire yalikuwa yamekaribia. Sheria ikalegezwa. Bidhaa zikashushwa kwenye majengo ya karantini karibu na mji badala ya kupelekwa kisiwani mbali, na nguo nyingine zikapenyezwa mjini kwa magendo, viroboto wakiwa ndani ya mikunjo. Marseille ilipoteza karibu nusu ya watu wake. Na nahodha je? Alitiwa gerezani. Mimi naiona hiyo kuwa adhabu ya ajabu, maana kila nahodha aliyeisikia habari ile alijifunza nini?

Tuje pwani yetu. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, safari ya wiki tatu au nne. Utaona kwamba jahazi lenyewe lilikuwa karantini. Mtu akipanda na surua changa Muscat, itamtoka katikati ya bahari. Ama apone ama afe kabla ya minara ya Mombasa kuonekana. Hatari ilikuwa pale chombo kilipobeba watu wengi wasiowahi kuugua, ambao waliupokezana ugonjwa mmoja baada ya mwingine kama moto wa makuti, mpaka nchi kavu. Ndui iliingia hivyo mara nyingi.

Kipindupindu nacho kilikuwa na njia zake. Kile cha 1869 kimeandikwa vizuri na Dakta James Christie, Mskoti aliyekuwa akitibu Unguja, katika kitabu chake cha mwaka 1876. Alifuatilia kama askari mpelelezi, akaona kwamba safari hii ugonjwa haukutoka baharini kwanza. Ulishuka kutoka bara, kupitia nchi ya Wamaasai, ukatokea Pangani, na hapo ndipo ukapanda jahazi kwenda Unguja. Maelfu walikufa mjini. Kutoka Unguja majahazi yakaubeba tena kwenda Kilwa na Komoro. Kumbe bara na bahari hupeana mizigo pande zote mbili. Na ndani ya chombo, pipa la maji lililojazwa kwenye kisima kimoja kibaya ndilo huwanywesha wote, kuanzia nahodha mpaka mpishi.

Halafu zikaja meli za moshi, na mambo yakabadilika. Safari ya Bombay hadi Mombasa ikawa chini ya wiki mbili. Mwaka 1896 tauni ilizuka Bombay, na mwaka huo huo ndio ujenzi wa reli ulioanza Mombasa, reli ambayo ilijengwa na wafanyakazi zaidi ya 31,000 walioletwa kwa meli kutoka India. Ilipofika 1902, Nairobi, mji wenyewe ukiwa mchanga, ulipata tauni na mtaa wa maduka ya Wahindi ukachomwa moto. Wengi waliwalaumu watu. Lakini mwaka 1898 Mfaransa Paul-Louis Simond alikuwa ameonyesha, akifanya kazi huko huko India, kwamba kiroboto wa panya ndiye mletaji. Ndiyo sababu ukienda Kilindini leo utaona kwenye kamba za meli sahani za bati, pana kama ungo. Hizo ni za kumzuia panya asitembee juu ya kamba kama mcheza sarakasi akaingia mjini.

Hapo mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja kuna kisiwa kidogo kiitwacho Changuu. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, waziri mkuu wa serikali ya Zanzibar, alikinunua akajenga gereza. Watalii mpaka leo hukiita Kisiwa cha Gereza, ingawa hakuna mfungwa aliyewahi kulala humo. Majengo yale yakageuzwa kuwa kituo cha karantini kwa nchi zilizotawaliwa na Waingereza Afrika Mashariki. Utaratibu wake unastahili kuangaliwa. Meli ilipotia nanga, ilikaguliwa. Mwenye dalili za kutiliwa shaka alishushwa kisiwani, na meli ikaendelea na safari na wale wazima. Aliyeshushwa alikaa wiki moja au mbili, akapimwa, na akiwa mzima alichukuliwa na meli iliyofuata. Msimu wa meli za India ulikuwa hasa kati ya Desemba na Machi. Miezi mingine kisiwa kilikuwa kitupu, na watu wa mjini wakakifanya mahali pa kupumzikia. Kobe wakubwa waliopo sasa walianzia na wanne walioletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919.

Nakieleza kisiwa hicho kwa urefu kwa sababu moja. Kiliacha kuwa gereza. Mahali ambapo mtu mzima huenda kwa hiari yake kupunga upepo si pabaya sana kwa mgonjwa kushushwa. Na nahodha aliyejua kwamba atamwacha abiria mmoja mahali pa heshima, kisha aendelee na safari yake, hakuwa na sababu kubwa ya kudanganya kama yule aliyetishiwa kuzuiliwa siku 40 na chombo chote. Wataalamu nao walikuwa wameacha hesabu ya arobaini, wakahesabu siku ambazo ugonjwa hujificha mwilini. Sheria za kimataifa za karne ya 20 zikaweka siku tano kwa kipindupindu na sita kwa tauni na homa ya manjano. Karantini fupi yenye sababu huvumilika.

Lakini kuna ugonjwa uliowapita wote mbio. Septemba 1918, vita vikuu vikikaribia kwisha, homa kali ya mafua ilishuka Mombasa kwa meli. Homa hiyo hujificha siku moja hadi tatu tu, na mtu huanza kuambukiza kabla hajaanguka kitandani. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901. Njia ambayo misafara iliitembea kwa miezi, gari moshi liliimaliza kwa siku chache, na ndani yake mlikuwa na askari na wapagazi wa Kariakoo wanaorudi makwao Nyanza na Magharibi wakiwa wamechoka na kukonda. Watafiti waliozichambua kumbukumbu za serikali ya mkoloni wamekadiria kwamba huko Pwani pekee walikufa watu 25 hivi katika kila 1,000. Waulize wazee kama walisimuliwa na baba zao. Katika nyumba nyingi hapakuwa na wa kuchota maji.

Je, ingeweza kuzuiwa? Sikiliza habari za Samoa mbili, huko Bahari ya Pasifiki. Novemba 1918 meli Talune kutoka New Zealand iliruhusiwa kushusha abiria Apia ikiwa na wagonjwa. Karibu mtu mmoja katika kila watano wa Samoa ile ya magharibi alikufa. Samoa ya pili, iliyo chini ya Marekani, kilomita zisizozidi 150 hivi kutoka hapo, gavana wake John Poyer alifunga bandari, na wenyeji wakalinda fukwe wenyewe. Hakufa mtu hata mmoja kwa homa ile.

Basi usiseme kwamba siku hizi tumeerevuka sana. Februari 2020 meli ya watalii Diamond Princess ilizuiliwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu zaidi ya 3,700, kwa ajili ya korona. Abiria walifungiwa vyumbani siku 14. Lakini mabaharia waliendelea kupika, kupeleka chakula mlango kwa mlango, na kulala wakichangia vyumba. Zaidi ya watu 700 waliambukizwa. Kumfungia mzima pamoja na mgonjwa si kumtenga. Watu wa Changuu walilijua hilo: mgonjwa hushushwa.

Miezi mitatu baadaye ilikuwa zamu yetu. Madereva wa malori walipoanza kupimwa Malaba, foleni ilirudi nyuma kilomita nyingi upande wa Bungoma. Lori ni meli ya nchi kavu, na dereva ndiye nahodha. Walisubiri majibu siku kadhaa, wakalala chini ya malori, wakanyooshewa vidole vibandani walikozoea kula. Nilisikia watu wazima wakiwaita kwa jina la ugonjwa. Mtu ukimwita hivyo, kesho akikohoa atakuambia?

Nina sababu ya kuuliza. Nilipokuwa darasa la saba nilisoma shule ya bweni, ambayo sitaitaja. Tulilala wavulana 40 katika chumba kimoja, vitanda vya kupandana, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi ya huku kwetu. Usukani tu ndio uliokosekana. Vingine vyote vilikuwa vya meli. Siku ya kufungua muhula kijana mmoja alikuja na macho mekundu na kikohozi. Shule ilikuwa imetangaza kwamba mtoto atakayefika mgonjwa atarudishwa nyumbani na karo yake haitarudi. Mama yake alimpa dawa ya kushusha homa langoni, akapita. Siku ya tatu vipele vya surua vilimtoka usoni. Wiki mbili baadaye tulikuwa kumi na mmoja. Rafiki yangu niliyelala naye kitanda kimoja juu na chini alitoka usaha masikioni kwa siku nyingi. Sasa ni mtu mzima mwenye familia yake, na ukitaka akusikie sharti usimame upande wake wa kulia.

Kwa miaka mingi nilimlaumu mama yule. Siku hizi namlaumu nusu. Ile nusu nyingine namtwika aliyetunga kanuni iliyomfanya akweli kupoteza karo na mwongo kupita langoni. Ni yale yale ya Marseille.

Kwa hiyo kama wewe ni mwalimu, au umo katika kamati ya shule, weka chumba. Hata kile cha stoo kikisafishwa, chenye dirisha linalofunguka, kitanda, ndoo yenye kifuniko na maji ya kunywa, kinatosha kuwa Changuu yenu. Mtoto mwenye surua akae humo mpaka siku nne zipite tangu vipele kutokea, ahudumiwe na mtu aliyekwisha kuchanjwa au kuugua, na nafasi yake darasani imsubiri. Mzazi, hakikisha mtoto amepata chanjo ya surua mara zote mbili, ya miezi tisa na ya miezi 18. Na mkipatwa na ule ugonjwa wa kutapika na kuharisha unaosumbua sana meli za watalii, usitegemee dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti, maana kirusi hicho hakiiogopi vya kutosha. Tumia sabuni na maji yanayotiririka, pangusa vyoo na vitasa kwa dawa yenye klorini, na aliyeugua asirudi kugawa chakula mpaka siku mbili zipite tangu apone.

Nimalizie na bendera. Zamani meli yenye ugonjwa au inayotiliwa shaka ilitweka bendera ya manjano, na watu wa gatini walipoiona walikimbia. Siku hizi bendera hiyo hiyo ya manjano ina maana nyingine kabisa. Nahodha anaitweka kusema: meli yangu ni nzima, naomba ruhusa ya kuingia. Pamoja nayo hujaza fomu ya tamko la afya, ambayo nchi nyingi duniani zimeikubali katika kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2007. Ina maswali tisa. Je, kuna aliyekufa safarini pasipo ajali? Je, kuna ugonjwa unaoshukiwa kuambukiza? Je, wagonjwa wamezidi kawaida? Je, kuna mgonjwa ndani sasa hivi? Je, daktari ameulizwa? Je, kuna jambo lolote melini linaloweza kueneza ugonjwa? Je, mmechukua hatua gani, mahali gani, lini? Je, kuna watu waliojificha ndani ya meli?

La tisa linauliza kama kuna mnyama mgonjwa. Hilo nililisoma mara mbili, nikamkumbuka jirani yetu na fahali wake.